Staa kapata NIDA mpya kwa siku mbili, mpambaji wake mwezi wa tatu huu anazungushwa

Wadau, ile klipu imefufuliwa tena wiki hii. Mnaijua. Staa wetu mmoja, jina tunaliacha kama ilivyo kawaida ya humu ndani, kakaa siti ya nyuma ya gari, miwani ya jua usoni, kashika kadi mpya ya NIDA huku kidole gumba kimefunika namba. Anasimulia kwamba waleti yake ilipotea Jumamosi usiku kwenye pati ya botini, Jumatatu akaenda kushughulikia, Jumatano akapigiwa simu akachukue kadi. Halafu anamalizia na ile sentensi iliyochafua hali ya hewa: "Siku mbili tu. Watanzania tupunguze kulalamika."

Ilipotoka mara ya kwanza, miezi mitatu nyuma, komenti ziliwaka usiku kucha. Wengine walisema ni kiki, eti hakuna waleti iliyopotea, mtu anatafuta kuzungumzwa kabla ya kuachia ngoma. Wengine wakasema kahonga. Kuna mama mmoja aliandika, "Mwanangu, mimi niliomba nikiwa na mimba, sasa hivi mtoto natuma dukani," na komenti yake ikapata laiki nyingi kuliko posti yenyewe.

Mimi siamini kama ilikuwa kiki, na sina sababu ya kusema alihonga. Nadhani alisema ukweli mtupu, na hilo ndilo linaloniuma. Maana yake siku mbili zinawezekana. Mashine ipo, kadi zipo, watu wa kubonyeza vitufe wapo.

Ila kuna kitu wengi wenu hamkijui. Usiku ule kwenye ile boti haikupotea waleti moja. Mpambaji wake, yaani dada anayempiga mekapu kabla ya shoo na kwenye shuti za video, naye pochi yake ilienda na mkono huo huo. Simu, kadi ya NIDA, kadi ya benki, kadi ya mpiga kura, vyote. Nimeongea naye mara mbili, na kakubali niandike mradi nisimtaje. Boti ile ile, mwizi yule yule, Jumatatu ile ile. Bosi kapata kadi Jumatano. Yeye leo ni mwezi wa tatu.

Tuanzie polisi, maana ndiko kila mtu anakoanzia. Swali la kwanza kaunta: imeibiwa au imepotea? Wabongo wote tunajua jibu sahihi. Ukisema imeibiwa, kuna kufungua jalada, kuna RB, kuna maelezo, kuna "njoo na shahidi wako." Ukisema imepotea, unajaza ripoti ya upotevu, unalipa ada ndogo, kwisha habari, na siku hizi hata mtandaoni unaweza kuijaza. Kwa hiyo dada kakwapuliwa pochi, kaandika imepotea. Ukisoma makaratasi ya jiji hili utadhani Dar haina vibaka kabisa, ina watu wazembe tu wanaodondosha mali zao kila siku jioni kwenye mwendokasi.

Ripoti inataka namba ya kitambulisho. Namba alikuwa nayo kwenye picha. Picha iko kwenye simu. Simu iko kwa mwizi. Mnacheka, lakini nyanyua mkono kama NIN yako unaijua kwa kichwa. Namba 20 zile. Ngoja niwape siri moja ya bure: nane za mwanzo tayari mnazo, ni tarehe yenu ya kuzaliwa, mwaka ukitangulia, halafu mwezi, halafu siku. Zinabaki 12 tu za kukariri. Mtu anajua mistari ya nyimbo nzima na namba za simu za maeksi watatu, 12 zitamshinda vipi? Na ukizisahau, piga *152*00# kwenye laini yoyote, ingia sehemu ya NIDA, jibu maswali, utaletewa. Dada yetu alifanya hivyo kwa simu ya mdogo wake, na kwa kweli hapo hakuzungushwa. Ilimchukua dakika tano.

Yaliyofuata ndiyo sinema.

Alitaka kwanza kurudisha laini, kwa sababu kwenye ile laini kulikuwa na hela ambazo si zake. Yeye ni mweka hazina wa kikoba cha wanawake 14, wengi wao wasusi, wapambaji na wauza nguo, na siku ile alikuwa na shilingi 1,860,000 za watu. Akaenda dukani kwa watu wa mtandao. Akaweka kidole. Mashine ikakataa. Akafuta kidole, akaweka tena. Ikakataa. Yule kijana wa dukani akamwangalia akamwambia, "Dada, hii laini si yako."

Na kweli haikuwa yake. Turudi nyuma kidogo. Mnakumbuka ile heka heka ya kusajili laini kwa alama za vidole? Mwisho ulikuwa Desemba 31, 2019, ukasogezwa, na kuanzia Januari 20, 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Foleni za NIDA siku zile zilikuwa zinaanza watu hawajaswali alfajiri. Namba yake ilikuwa bado haijatoka. Mchumba wake wa wakati huo, kwa mapenzi kabisa, akamwambia njoo tukusajilie kwa kidole changu. Wangapi humu laini zao zina jina la kaka, la baba mdogo, la bosi wa zamani? Kimya. Basi mchumba alishakuwa eksi, eksi akahamia Mwanza, akaoa, na laini yenye hela za akina mama 14 ikabaki kwenye jina lake.

Ikabidi ampigie. Akapokea mke.

Nanukuu kama nilivyosimuliwa: "Samahani, wewe ni nani, na kidole cha mume wangu unakitakia nini?"

Nyie, mimi nilicheka mpaka nikaona aibu, kwa sababu mwenzangu alikuwa hacheki. Wakati yeye anambembeleza mke wa mtu kwenye simu ya kuazima, kwenye grupu la kikoba mambo yalikuwa yameshaharibika. Mweka hazina haonekani hewani siku ya nne. Mmoja akatuma voisi kwamba kamwona staa wake kwenye klipu anachekelea na kadi mpya, sasa hawa si walikuwa wote, mbona mwenzake kapata na yeye bado? Mwingine akamaliza kabisa: "Hela imeliwa hiyo." Mtu aliyejenga jina kwa miaka, anaaminiwa na wenzake 13, kageuka mwizi kwa sababu ya kadi ya plastiki.

Mwisho yule eksi, na hapa nampa maua yake, alienda dukani Mwanza, akaweka kidole, akapewa laini mpya, akaitia kwenye bahasha, akaikabidhi kwa kondakta wa basi. Laini ikasafiri usiku kucha hadi Dar kama abiria. Hela zikakutwa salama, hata mia haijapungua. Ila zilikuwa zimeshapita siku 11. Wanachama wawili walishajitoa, na yeye akaomba kuachia uweka hazina mwenyewe kabla hajaambiwa. Hakuna aliyemuomba radhi kwenye grupu. Walituma tu zile emoji za mikono.

Sasa wale wa "mtunze vitu vyenu" na "nani alimtuma asajili laini kwa mtu mwingine," nawasikia. Ni kweli laini isajili kwa jina lako, leo hii, ukimaliza kusoma hapa nenda. Lakini hilo halijibu swali langu. Swali langu ni kitambulisho.

Kwenye kitambulisho hakukataliwa na mtu. Hilo ndilo lililonishangaza nilipokuwa namsikiliza. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemwambia hatupi. Kila mtu alimpeleka kwa mtu mwingine, kwa adabu kabisa. Alipouliza afanyeje wakati anasubiri kadi, maana benki wanataka kitambulisho na kazi za nje ya mkoa zinataka kitambulisho, akaambiwa atafute barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Serikali ya mtaa wakamwambia aanze kwa mjumbe.

"Shikamoo mjumbe."

"Marahaba mwanangu. Wewe wa nyumba gani?"

"Kwa mama mwenye geti la bluu, chumba cha uani."

"Mbona mimi sikujui?"

Na ni kweli hamjui. Dada anatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kupamba maharusi, anarudi usiku wa manane kutoka kwenye shoo. Mtaa ule kahamia mwaka jana, kabla ya hapo Mabibo, kabla ya hapo Tandika. Mjumbe akataka mwenye nyumba aje amtambulishe. Mwenye nyumba anaishi Kibaha, anaonekana mara mbili kwa mwaka, siku za kuchukua kodi ya miezi sita. Akaja wiki iliyofuata, kwa nauli aliyolipiwa na mpangaji wake, akasema "huyu namfahamu," akaondoka. Barua ikaandikwa. Kulikuwa na hela ya karatasi, hamuwezi kukosa hela ya karatasi.

Hebu tulieni hapo kwa mjumbe kidogo. Mfumo ule ulitengenezwa kwa mtaa ambao watu wanazaliwa, wanaoa na wanazikwa hapo hapo. Mjumbe anajua watoto wa kila nyumba, nani kafiwa, nani kalewa jana. Kwa mtaa wa namna hiyo barua ya mjumbe ina akili kabisa, ni ushahidi kuliko hata karatasi. Lakini sisi tunaosoma hapa tunapanga. Tunahama kila kodi ikipanda. Majirani tunawajua kwa miziki yao. Mimi mwenyewe mjumbe wangu namjua kwa kofia tu. Halafu siku ukipoteza kadi, nchi inakuuliza: nani anakujua?

Na hapo ndipo staa wetu alipopita kama upepo. Hakuhitaji mjumbe. Sura yake ndiyo kitambulisho chake. Nimeambiwa na aliyekuwepo kwamba alipoingia pale ofisini watu walisimama, selfi zikapigwa, na mtumishi mmoja akamtoa kwenye foleni "asije akasumbuliwa na mashabiki." Hakuna hongo hapo. Hakuna hata mtu mwenye nia mbaya. Kuna ofisi nzima ambayo haina shaka hata chembe kwamba huyu ni yeye. Fomu yake haikukaa chini ya rundo kwa sababu kila mtu alitaka kuwa yule aliyemsaidia.

Mpambaji wake alikuwa kwenye foleni ile ile. Alimwona bosi wake akiingia. Hakumwita, anasema aliona aibu. Mimi ningeita kwa sauti, lakini sina mkataba wa kupaka mtu poda.

Kinachonitoa povu mimi ni kidole. Serikali inavyo vidole vyetu. Tulivipeleka wenyewe, vyote kumi, tukapigwa picha, tukasaini. Ukitaka kununua laini leo, kijana aliyekaa chini ya mwavuli kituo cha daladala anakutolea kale kamashine, unaweka kidole, dakika moja jina lako kamili linatokea. Mwavuli! Hana ofisi, hana muhuri, hana hata kiti cha pili. Anakutambua kuliko mjumbe, kuliko mwenye nyumba, kuliko hiyo barua iliyopigwa muhuri. Kwa nini kidole kinatosha kwa mtu anayeniuzia bando, halafu kisinitoshe nikitaka kujulikana na watu wa mtaa wangu mwenyewe au na benki inayotunza hela yangu?

Kuna mtu atasema tahadhari ni lazima, matapeli wapo. Nakubali, tena sana. Kuna watu wamechukuliwa mikopo ya mtandaoni kwa majina yao bila kujua. Ripoti ya polisi ina maana yake: siku kadi yako ikikutwa kwenye tukio, una karatasi inayoonyesha ilishatoka mikononi mwako tarehe fulani. Hiyo msiiache hata kama mnaona uvivu. Lakini tapeli haogopi barua ya mtaa, jamani. Tapeli ndiye mwenye barua nzuri kuliko wote, ina mihuri mitatu. Kitu ambacho tapeli hana ni dole gumba langu. Kama shida ni usalama, mbona tunadai zaidi kile kinachoghushika na kuacha kile kisichoghushika?

Tuje kwenye hela. Ada ya kutengenezewa kadi iliyopotea ni shilingi 20,000, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu. Watu wengi wakilalamika wanaanzia hapo, na mimi naona wanakosea pa kulalamikia. Elfu 20 inauma, haiui. Kinachoua ni siku. Huyu dada kazi yake ni ya siku kwa siku. Siku asiyopamba, halipwi. Nilimwambia tuhesabu, tukaandika kwenye karatasi ya saluni: polisi, laini, mjumbe mara tatu, mwenye nyumba, serikali ya mtaa, ofisi ya vitambulisho mara nne, moja ya hizo mtandao ulikuwa chini tangu asubuhi na watu wakaambiwa saa nane mchana waende nyumbani. Siku kumi na kitu. Ukizidisha na anachoingiza kwa siku ya kawaida, kadi ya elfu 20 imemgharimu zaidi ya laki nne, na bado hajaipata. Staa alitumia asubuhi moja na mafuta ya gari.

Halafu bado nauli ya mwenye nyumba, soda ya mwenye nyumba, bando la kupiga Mwanza.

Kuna waliokomenti kwamba wao walipata mapema na hawamjui mtu yeyote. Nawaamini. Kuna wilaya watu wanahudumiwa vizuri na kuna watumishi wanajituma mpaka unataka kuwanunulia chakula. Na upande mwingine, tuseme ukweli, wapo Watanzania kadi zao zimekaa kabatini ofisini wenyewe hawajazifuata, mpaka mwaka 2025 NIDA ikatangaza kusitisha matumizi ya namba za watu walioitwa kuchukua kadi na hawakutokea. Kwa hiyo si kila kuchelewa ni kosa la dirishani. Lakini ukisikiliza vizuri, hata hao waliopata mapema hawasemi kwamba walijua lini watapata. Wanasema "nilibahatika." Kitambulisho cha nchi yako unakipata kwa bahati, kama kushinda bahati nasibu, na unashukuru.

Na huyu kadi moja tu ndiyo imempa shida. Fikiria waliopoteza vyote. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliingia Jangwani hadi watu wakahamishiwa Mabwepande, na maji hayachagui kati ya godoro na cheti cha kuzaliwa. Ukitaka cheti kipya unaulizwa kitambulisho, ukitaka kitambulisho unaulizwa cheti, ukitaka vyote viwili unarudi kwa mjumbe, ambaye na yeye kahamishwa. Hiyo stori inahitaji posti yake.

Pale usipojua utapata lini ndipo vishoka wanapokula. Nenda ofisi yoyote ya vitambulisho, vyeti au leseni, simama nje dakika kumi ukiwa na sura ya kuchoka. Atakuja mtu na bahasha ya kaki. "Sista, una shida gani, mimi naweza kukusaidia." Dada yetu alimpa mmoja elfu 30. Mtu akayeyuka. Mbaya zaidi alimpa na nakala ya ripoti yenye NIN yake. Siwalaumu sana wanaowapa hela vishoka. Mtu anayeuza uhakika kwenye foleni isiyo na uhakika atapata wateja tu. Ukitaka kumfukuza kishoka, bandika ukutani tarehe ya kweli ya kadi kutoka, na uifuate. Hata kama ni wiki sita. Wiki sita za kweli ni bora kuliko "njoo wiki ijayo" nane.

Kuna jambo lingine linatuhusu sisi wenyewe wa mitandaoni, na hili nimekuwa nataka kulisema muda mrefu. Kila wiki naletewa picha inboksi: "Admin, nimeokota kitambulisho, naomba uposti." Nia ni njema kabisa. Lakini picha yenyewe ni kadi nzima, mbele na nyuma, jina, sura, saini na namba zote 20 zinasomeka hata kwa mtu mwenye mtoto wa jicho. Umemsaidia mwenye kadi kuipata, na umewasaidia watu laki moja kupata namba yake. Funikeni namba. Acheni jina na sura, inatosha, ndugu zake watamjua. Na kama hujapata mwenyewe, peleka kituo cha polisi au ofisi ya NIDA ya wilaya, usikae nayo kwenye droo ukisubiri atakayekuja na hela ya soda. Wapo vibaka wenye utu kuliko nyie, wanachukua simu, kadi wanaitupa mlangoni mwa msikiti iokotwe.

Kwa staa wetu, kama unasoma, na najua unasoma kwa ile akaunti yako ya pili isiyo na picha: hakuna anayekuombea mabaya. Furahia kadi yako. Ila yule anayekupaka poda ana harusi Zanzibar Jumamosi hii, bibi harusi kashalipa nusu, na bandarini wataomba kitambulisho. Alichonacho ni barua ya mtaa na ripoti ya upotevu iliyoanza kuchanika kwenye mikunjo kwa kukunjwa na kukunjuliwa. Una namba za wakubwa kwenye simu. Badala ya kufuta komenti za watu, ungeweza kurudi pale pale ofisini, na kamera yako ile ile, ukauliza dirishani: mimi siku mbili, hawa wengine kwa nini miezi? Hiyo klipu ningeiposti bure, siku nzima, hata na wimbo wako nyuma.

Tukutane kwenye komenti. Andika ulipoteza nini, wilaya gani, na ilichukua muda gani mpaka kadi ikafika mkononi. Usitaje jina la mtumishi, usitaje jina la staa hata kama unamjua, na atakayeandika NIN yake hapo chini naifuta.